Nimelala Nyumba ya Tharia Topan!

Naandika haya mtandio wangu bado unanukia udi, na sina haraka ya kuufua. Tumeshuka boti leo mchana, nimefika nyumbani Dar es Salaam, begi halijafunguliwa, lakini lazima niyaseme yangali ya moto: jana nimelala kwenye nyumba ya Tharia Topan, mtaa wa Hurumzi, katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na tangu nizaliwe sijalala mahali paliponifurahisha namna ile.

Nyumba ile siku hizi ni hoteli, inaitwa Emerson on Hurumzi. Nimeipita sijui mara ngapi, nikienda Darajani kununua kanga au nikirudi Forodhani usiku na mishikaki mkononi, nikautupia jicho mlango wake na kwenda zangu. Nilikuwa na ile dhana tuliyo nayo wengi, kwamba mahoteli yale ni ya wageni. Safari hii nilikuwa na sababu. Shangazi yangu, mzaliwa wa Kiponda aliyehamia Bara akiwa msichana, ametimiza miaka sabini, na nilipomuuliza anataka zawadi gani alijibu maneno mawili tu: "Nirudishe Mjini." Nikaapa kwamba mara hii hatulali kwa jamaa, godoro chini sebuleni. Tunalala kwenye ghorofa, juu ya samadari, tunakula darini.

Na tukafanya hivyo!

Tumefika saa nane, jua linachoma hadi kivuli cha ukuta kinatafutwa. Ukitoka kwenye jua lile ukavuka kizingiti, ni kama umetumbukia mtungini. Baridi inakupokea kabla ya mtu yeyote. Kijana wa mapokezi alikuja mbio kumwamkia shangazi na kumchukulia mkoba, lakini mwenyewe alikuwa ameshasimama, kiganja amekiweka ukutani na kukiacha pale kama anayempima mtoto homa.

"Chokaa," akasema. "Chokaa ya kweli hii, mwanangu. Saruji haiwi baridi hivi."

Nami nikaweka changu. Ukuta haukuwa laini kama zetu za siku hizi. Una mabonde madogo madogo yanayopita chini ya vidole, mahali fundi alipokandika na kupapasa kwa mkono, na karibu na kona nikaona mkwaruzo wa vidole vitatu uliokaukia humo. Nikaingiza vyangu. Vikaenea sawasawa.

Hapa niseme kidogo kuhusu nyumba hizi, maana bila kulijua hili utakuwa umelala tu kama unavyolala popote. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Nyumba nzima, basi, ilikuwa bahari. Juu ya kuta hizo nene hulazwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haiendi mbali zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya kizamani ni vyembamba na virefu: ukitaka kuongeza, ongeza urefu, upana ulishaamuliwa na mti. Juu ya boriti hupangwa mawe, humwagwa chokaa na kokoto, kisha watu husimama mstari mmoja wakapigilia sakafu kwa vigongo vya mbao, siku baada ya siku, kwa nyimbo ili mikono iende pamoja. Shangazi anakumbuka kuwaona wapigiliaji wa sakafu kwa jirani yao alipokuwa mdogo. Alipokuwa akinisimulia, mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe.

Chokaa inapumua. Unyevu unaingia na kutoka, ukuta unanywa masika na kukauka kaskazi. Ukija na saruji ukaufunika, umeuziba pua: chumvi inabaki ndani, plasta inatuna kama mandazi, inabanduka, na boriti zinaoza kimyakimya pale vichwa vyake vilipoingia ukutani. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimeuawa na fundi mwenye nia njema na mfuko wa saruji! Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini niliusimamia ukuta wa mapokezi dakika kumi nzima, jibu ndilo hilo.

Halafu zikaja ngazi. Hakuna lifti, na namshukuru Mungu haipo. Ni ngazi za mbao, kali, zinazokunja na kukunja tena, na kila ukikunja kuna kitu: kidirisha cha kioo cha rangi kinachomwaga wekundu kwenye ngazi ya tatu, kijukwaa chenye kiti kizee, uwazi unaokuonyesha paa la jirani na paka wake. Kijana alikuwa nyuma ya shangazi hatua mbili, hakumshika, hakumharakisha, alikuwa yupo tu. "Polepole bibi, hatuna safari nyingine leo," alimwambia. Adabu ile huifundishi kwa semina.

Chumba chetu, jamani! Samadari imesimama katikati kama jahazi lililofunga gati, miguu yake imekerezwa, ubao wa kichwani una vipande vya kioo vilivyochorwa maua, juu besera, chini kibao cha kupandia. Kupandia, ndiyo, maana kitanda kile hukikalii, unakipanda. Boriti juu zimeachwa wazi, nikalala chali kuzihesabu, nikafika kumi na saba shangazi akanikatiza kunionyesha vidaka ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vyombo na mabuli ya marashi. "Kwetu kulikuwa na kama hivi vitatu. Cha chini kilikuwa cha msahafu." Bafuni kuna birika la kuogea lililofinyangwa palepale na ukuta, limesuguliwa likawa laini kama ganda la yai. Nilijaza maji, nikatia yale maasumini waliyotuwekea kwenye kisahani, nikakaa humo hadi vidole vikakunjamana.

Madirisha yana mbao za kufungua. Ukiyafungua unaingiwa na mtaa mzima: muuza kahawa akigonga vikombe, mtoto anasoma chuoni kwa sauti ya juu, vespa, mama anamwita mtu, Machano sijui Makame. Tuliyaacha wazi.

Sasa mwenye nyumba. Tharia Topan alizaliwa Kutch, India, mwaka 1823, akaja Unguja angali mtoto, hana kitu. Alipofika utu uzima alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa pwani yote hii, mkuu wa forodha na mtu ambaye masultani walimsikiliza kwenye mambo ya fedha. Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1890, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Lile jengo zuri kuliko yote ufukweni, zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, ni yeye aliyeanza kulijenga mwaka 1887. Hurumzi ndiko alikokuwa akikaa na kupokea watu, na husemwa nyumba yake ilizidiwa urefu na Beit al-Ajaib peke yake. Kwa hiyo zile ngazi si bahati mbaya. Alitaka uhemwe, ufike juu, ujue umefika kwa nani.

Utajiri huo ulitoka wapi, nalo lisemwe. Tharia ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya misafara ya bara, na misafara ile ilirudi na pembe za ndovu na ilirudi na watu. Jina la mtaa lenyewe lina neno huru ndani yake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria, na wenyeji husimulia kwamba ni katika nyumba hii Waingereza walipokuwa wakiwalipa mabwana fidia ya watumwa walioachwa huru. Mabwana walilipwa. Watumwa wenyewe ilibidi kila mmoja aende kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa kabisa, wakasubiri hadi 1909. Shangazi analijua jambo hilo kuliko mimi, kwao kuna bibi mmoja ambaye habari zake zilikuwa zikisemwa kwa sauti ya chini. Alikaa kwenye kiti cha dirishani kitambo bila kusema neno, mkono juu ya mbao ya dirisha. Nafurahi hoteli ile haikuitwa sijui Kasri gani. Inabeba jina la mtaa.

Aliyeiokoa ni Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Mji Mkongwe ulikuwa ukianguka nyumba baada ya nyumba. Yeye na mwenzake Thomas Green waliifufua nyumba hii, ndiyo maana watu wa zamani bado wanaiita Emerson and Green. Alikuwa pia mmoja wa walioanzisha ZIFF, lile tamasha la filamu la nchi za majahazi. Alifariki 2014. Sikupata kukutana naye, lakini baada ya usiku mmoja naijua ladha yake: mtu aliyepata nyumba kuukuu akajizuia. Hakuinyoosha. Palipopinda pamepinda. Kuna mlango wa chumba kimoja lazima uiname, na kizingiti kilicholiwa na nyayo hadi kimekuwa kama kijiko, na hakuna aliyekisawazisha. Ungepata mtu mwingine mwenye fedha zaidi angeweka marumaru, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Haya, tupande darini!

Nawaambieni, wekeni nafasi mapema, maana mikeka ya kule juu haitoshi kila mtu na hawajazi watu kama dagaa. Unapanda ngazi za mwisho, nyembamba kuliko zote, unavua viatu, na ghafla Mji Mkongwe wote uko chini ya nyayo zako. Paa za mabati zenye kutu, moja imeegemea nyingine. Nguo zimeanikwa. Minara miwili ya kanisa la Wakatoliki, minara ya misikiti nimeshindwa kuihesabu, hekalu la Wahindu pale karibu, na upande wa magharibi bahari na majahazi yenye tanga la pembetatu yakirudi. Na Beit al-Ajaib, ile nyumba ya Sultan Barghash ya 1883, ya kwanza hapa kuwashwa umeme, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ukiitazama toka juu pale, ukiwa umekaa kwenye nyumba ya rika lake iliyosimama imara na watu wanakula ndani yake, moyo unakwenda mbio kwa mambo mawili kwa pamoja.

Hakuna viti. Ni mazulia, mito na takia, meza fupi ya kufika magotini. Nilihofia magoti ya shangazi. Kabla sijasema kitu kijana alikwishaleta mito mitatu ya ziada akampangia mgongoni, mmoja chini ya goti la kushoto. Aliona mwenyewe namna alivyopanda ngazi. Tukaagiza sharubati ya ukwaju yenye tangawizi, na jua likaanza kuzama.

Kisha azana ya Magharibi. Ilianza msikiti mmoja kwa mbali upande wa Malindi, akadakia wa pili, wa tatu, wa nyuma yetu, hadi ukawa hujui inatoka wapi, imekuwa hewa yenyewe. Ilipokuwa ikimalizika kengele ikalia hekaluni. Darini hakuna aliyezungumza. Wahudumu walisimama na masinia yao. Shangazi alikuwa ameinua viganja.

Chakula! Wanachopika kule juu ni mchanganyiko wa Uajemi, Oman na Unguja, na usidhani ni jambo la kubuniwa kwa ajili ya menyu. Sultan Said alioa binti wa kifalme wa Uajemi, akamjengea hamamu ya Kidichi mwaka 1850, na hadi leo kuta zake zina maua na ndege wa plasta wa mkono wa Kiajemi. Watu wa Makunduchi wana Mwaka Kogwa wao, ambao mizizi yake ni Nairuzi ya Uajemi. Vyakula hivi vilikuwa vikijuana zamani.

Kwanza likaja sinia la vidogovidogo vya kushirikiana. Bilingani lililochomwa mkaani hadi likanywea, likapondwa na ufuta na ndimu, bado lina moshi. Mtindi mzito wenye tango na mnanaa. Dengu zilizopondwa. Achari ya embe mbichi, hii ni yetu, kali, inakuamsha. Na mkate. Niwaelezeni mkate ule: mwembamba, umevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino, umepakwa samli na kunyunyizwa habasoda, ukiuvunja mvuke unatoka na kukuchoma vidole, na hukubali kungoja upoe. Tuliumaliza, wakaleta mwingine, tukaumaliza. Shangazi, ambaye huwa anarudisha chai ikiwa hiliki imezidi punje moja, alikuwa akifuta bilingani kwenye sahani kwa kipande cha mwisho.

Likaja sinia kubwa. Wali wa zafarani, kila punje imesimama peke yake, juu vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawa na zabibu kavu. Kuku aliyelazwa kwenye mtindi na zafarani kisha akachomwa, ngozi imeungua palepale inapotakiwa kuungua. Kamba wakubwa, na nguru wa kupaka, nazi imeshikamana naye na ukwaju unakuja nyuma. Nilianza kwa uma. Shangazi alinitazama, akakunja mkono wa baibui lake, akala kwa mkono, nami nikaweka uma chini.

"Nazi hii imekunwa leo," akasema. "Si ya kopo."

Yeyote aliyelelewa na mwanamke wa Unguja anaijua thamani ya sentensi hiyo.

Tulikuwa tukila tende na kahawa chungu wakati taarabu ilipoanza. Kanuni, udi na dafu, na mwanamke mmoja anayeimba akiwa amekaa, macho chini. Vipaza sauti vikubwa havikuwapo. Unasikia ukucha ukigusa waya. Siti binti Saad alikuja Mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili. Nyimbo kama zile zilipigwa kwenye nyumba kama hizi, kwenye ghorofa kama hii, zikisikika hadi mtaani. Ulipofika wimbo wa tatu shangazi aliinuka. Alinyanyuka na goti lake bovu, akajitanda kanga vizuri, akatembea taratibu kati ya mito kama tunavyotembea kwenye harusi, akaenda kumtuza mwimbaji. Watalii wa meza ya pembeni hawakuelewa kilichokuwa kikitendeka. Mwimbaji alielewa. Aliinua macho kwa mara ya kwanza, akaurudia ubeti uleule akimwimbia yeye.

Sikulala mapema. Shangazi alikwishapanda samadari na kusinzia, mimi nilikaa dirishani. Mji ukanyamaza kipande kipande: vespa ya mwisho, mlango wa chuma wa duka, watu wawili wanaobishana mpira wakipotelea kichochoroni. Baadaye ikabaki sauti ya nyumba yenyewe. Mbao zinapoa usiku, zinalia kidogo, ngazi zinajibu. Kwa hoteli mpya ningelalamika. Kule nilikuwa nasikiliza.

Kifungua kinywa ni darini tena, jua likitokea upande wa Ng'ambo sasa, paa zote zikiwa na umande. Papai, embe, mkate wa kumimina uliokatwa vipande vinono, mayai, chai ya maziwa yenye viungo. Shangazi alionja chai, akanyamaza, akaonja tena. Hakuirudisha.

Mnaotaka bwawa la kuogelea na lifti, mahali hapo pako kwingine na mtapapata kwa urahisi. Bei si ya gesti, sitawadanganya. Mimi nilidunduliza miezi mitano. Lakini harusi zetu tunazichangia, sare tunashona, ukumbi tunakodi kwa usiku mmoja. Wachukulieni wazee wenu usiku mmoja Hurumzi wangali wanaweza kupanda ngazi. Ndio watu wa pekee mtakaowapeleka pale watakaouambia ukuta kitu na ukawaitikia.

Nilipokuwa nikilipa, shangazi alikuwa ameinamia kaunta anazungumza na kijana wa mapokezi kwa Kiunguja chao cha haraka, kile ambacho Dar hukitumii hadi umekisahau. Nikadhani wanaagana. Kumbe alikuwa akiulizia Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, kama chumba kilekile kitapatikana. Vyumba viwili, akasema, maana dada zake nao lazima waje, na kijana aandike kabisa kwamba yule wa kwanza magoti yake ni mazima, ila wa pili atahitaji mito minne.